SWR inayopanda baada ya dakika kumi: kisa cha antena ya nusu wimbi inayolishwa nchani

Tuchukue kituo kimoja cha redio ya ridhaa kilichojengwa kwa mtindo ambao wengi huanza nao. Redio ni ya wati 100. Antena ni waya mmoja wa shaba wenye ganda la plastiki, urefu wa mita 20.6, unaotoka kwenye kisanduku kilichofungwa ukutani hadi juu ya nguzo ya mita 9. Ndani ya kisanduku mna transfoma ya 49:1, inayolinganisha omu 50 za kebo na takribani omu 2,450 za ncha ya waya, iliyozungushwa kwenye pete ya feraiti (kauri yenye usumaku) ya FT140-43: mizunguko 2 upande wa kebo, 14 upande wa waya, na kapasita ya pikofaradi 100 imeunganishwa sambamba na ile mizunguko 2. Kutoka kisanduku hadi redio ni mita 11 za kebo ya RG-58. Kwenye skrubu ya ardhi ya kisanduku hakuna kitu kilichofungwa.

Vifaa vikiwa baridi, SWR (uwiano unaoonyesha kiasi cha nguvu kinachorudishwa na antena; 1 ndiyo bora kabisa) kwenye MHz 7.074 ni 1.3. Mwenye kituo anaanza kutuma FT8, njia ya kidijitali ya ujumbe mfupi, kwa nguvu zote. Dakika kama kumi baadaye SWR imefika 2.8 na redio inajipunguzia nguvu yenyewe. Akipumzika dakika ishirini, inarudi 1.3 kana kwamba hakuna kilichotokea. Pamoja na hayo kompyuta inapoteza USB katikati ya kutuma, maikrofoni ya chuma inachoma midomo, na sindano ya SWR inacheza mtu akishika kebo. Upande wa kupokea, kelele haishuki chini ya S7 kwenye kipimo cha nguvu ya ishara cha redio, usiku wala mchana, ila chaja ya kompyuta ikichomolewa inapungua.

Hatua ya kwanza aliyochukua ilikuwa kukata waya. Alikata sentimita 40, kwa kuwa mafunzo mengi husema SWR ikiwa mbaya rekebisha urefu. Sentimita 40 kwenye mita 20.6 ni karibu asilimia 2, kwa hiyo resonansi (masafa ambayo waya unaitikia vizuri zaidi) ilipanda kwa takribani kHz 140 na kutoka nje ya sehemu aliyoihitaji. Sasa SWR ikawa mbaya hata vifaa vikiwa baridi, na bado ilipanda kwa joto vilevile. Ya pili ilikuwa kununua tyuna, kifaa cha kulinganisha omu kinachokaa karibu na redio. Redio ikatulia kwa sababu tyuna iliionyesha omu 50, lakini nguvu yote iliendelea kupita kwenye kisanduku kilekile, na sasa hapakuwa na kitu cha kuizuia redio isiendelee kukikaanga. Tyuna hapa iliondoa onyo na kuacha ugonjwa.

Kosa la msingi lilikuwa kusoma thamani ya SWR bila kuuliza inabadilika na nini. SWR ya 2.8 isiyobadilika ni suala la urefu au la kulinganisha omu, na mara nyingi haina madhara makubwa. SWR inayobadilika inasema mengi zaidi. Ikibadilika na muda wa kutuma, kuna kitu kinapata joto. Ikibadilika kwa kushika kebo au kusogeza kompyuta, basi kebo yenyewe imekuwa sehemu ya antena. Kituo hiki kina yote mawili kwa pamoja, na ndiyo maana kila tiba moja iliyojaribiwa ilionekana kushindwa.

Kutenganisha magonjwa mawili

Kipimo cha kwanza ni rahisi na hakihitaji kifaa cha ziada. Chomoa kebo kwenye kisanduku, funga mzigo bandia (rezista inayokaa badala ya antena) wa omu 50 mahali pa transfoma, kisha tuma wati 100 kwa muda uleule. Hapa SWR ilikaa 1.1 mwanzo hadi mwisho na USB haikukatika. Redio, kebo na plagi zake zimesafishika. Angalia kwamba kipimo hiki kimeondoa mambo mawili kwa mpigo: joto la transfoma na mkondo unaorudi kupitia ngao ya kebo, yaani tabaka lake la nje la chuma. Kwa hiyo bado hakijasema ni lipi linafanya nini.

Cha pili ni kupima transfoma mezani kwa NanoVNA au kichanganuzi kingine chenye milango miwili. Wengi hufunga rezista ya omu 2,450 (2,200 na 270 mfululizo zinatosha) upande wa waya, wanaona SWR ya 1.3, na kuridhika. Kipimo hicho hakionyeshi upotevu hata kidogo, kwa sababu pete inayokula nguvu huonekana kama mzigo mzuri. Fanya hivi badala yake: unganisha mlango wa kwanza kwenye upande wa mizunguko 2, kisha kutoka mwisho wa mizunguko 14 weka rezista ya omu 2,400 mfululizo hadi mlango wa pili. Mlango wa pili una omu 50 zake, jumla 2,450. Kama transfoma ingekuwa kamilifu, moja ya arobaini na tisa ya nguvu ingefika mlango wa pili, yaani desibeli 16.9 chini. Kila kinachozidi hapo ni upotevu wa transfoma. Rezista iwe ya kaboni au ya filamu, yenye miguu mifupi. Ile ya waya uliozungushwa ni koili yenyewe na itaharibu hesabu.

Kwa transfoma ya kisa hiki kipimo kwenye MHz 7 kilitoa desibeli 17.8 chini. Tofauti ni desibeli 0.9, maana yake karibu asilimia 19 ya nguvu inabaki ndani ya kisanduku. Kwa anayesikiliza upande wa pili, desibeli 0.9 hazisikiki. Kwa pete yenye upana wa milimita 35.5 hizo ni wati 19 za joto, na hapo ndipo mambo yanapoharibikia.

Joto la pete

FT8 hutuma sekunde 12.64 katika kila kipindi cha sekunde 15, na kwa kawaida kituo hutuma kipindi kimoja na kusikiliza kinachofuata. Wastani ni asilimia 42 ya muda. Sauti ya kawaida ya SSB (njia ya kutuma maongezi) isiyobanwa sana ina wastani wa chini zaidi, ndiyo maana transfoma hizi ndogo huishi miaka kwa watu wanaoongea na hufa wiki ya kwanza kwa wanaotuma dijitali. Asilimia 42 ya wati 19 ni wati 8 hivi, mfululizo.

Uso wote wa FT140 una takribani sentimita za mraba 35. Kuna kanuni ya kukadiria joto la viini inayotumika sana: gawanya miliwati zinazopotea kwa sentimita za mraba za uso, kisha pandisha jibu kwa kipeo cha 0.833; unapata ongezeko la joto kwa nyuzi za Selsiasi, hewa ikiwa huru. Miliwati 8,000 kwa 35 ni 229, na jibu ni karibu nyuzi 90 juu ya hewa. Kisanduku kilichofungwa na kupigwa na jua kinaweza kuwa na nyuzi 40 ndani kabla hata ya kutuma. Jumlisha, na umefika 130, ambako feraiti ya aina ya 43 hupoteza usumaku wake. Ikikaribia hapo, induktansi ya mizunguko 2 huporomoka, transfoma haiwezi tena kushika omu 50, na SWR hupanda. Ikipoa, usumaku hurudi. Ndiyo tabia tuliyoiona ya kupanda kwa dakika kumi na kurudi baada ya mapumziko.

Uhakikisho ni wa kufungua kisanduku mara tu baada ya kutuma na kuelekeza kipimajoto cha infraredi kwenye pete yenyewe, si kwenye plagi inayong'aa, kwa kuwa chuma king'aacho hudanganya kipimo hicho. Redio izimwe kwanza. Kwa wati 100 kwenye omu 2,450, ncha ya waya ina volti 495, na kilele chake ni volti 700. Kuguswa na hiyo ni kuungua kwa ndani kunakochelewa kupona.

Sasa kuna kishawishi cha kusema tatizo ni pete ndogo, basi weka kubwa. Hesabu inasema hivyo ni nusu ya ukweli. Upotevu unategemea ukinzani sambamba ambao pete inauweka mbele ya omu 50, nao hukua na mraba wa mizunguko na kiasi cha feraiti inayozungukwa. FT240-43 moja yenye mizunguko 2 ina induktansi iliyozidi ya FT140-43 kwa takribani asilimia 20 tu. Upotevu unashuka kutoka asilimia 19 hadi kama 17. Pete imekuwa na uso mara mbili, kwa hiyo itapata joto dogo zaidi, lakini nguvu iliyopotea ni karibu ileile. Pete mbili za FT240-43 zikibanwa pamoja, ukinzani huo unakuwa mara mbili na upotevu unashuka hadi karibu asilimia 9 au 10. Pete moja yenye mizunguko 3 kwa 21 inafika hapohapo, kwa kuwa 3 kwa mraba ni 9 na 2 kwa mraba ni 4. Ubaya wake ni waya mrefu zaidi juu ya pete, na kwenye MHz 21 na 28 ulinganifu unaharibika. Anayetaka MHz 7 na 14 pekee achague 3 kwa 21. Anayetaka hadi 28 achague pete mbili na 2 kwa 14. Kituo chetu kilichagua pete mbili.

Kwa pete mbili uso ni sentimita za mraba 115 hivi, wastani wa joto ni wati 4, na ongezeko linakuwa karibu nyuzi 19. Kutoka 90 hadi 19: hiyo ndiyo tofauti kati ya transfoma inayosumbua na ile unayoisahau.

Kabla ya kununua, hakikisha unachopewa ni feraiti kweli. Pete za unga wa chuma, kwa mfano ile nyekundu ya T200-2, zina ukubwa unaofanana na huuzwa pamoja na feraiti. Induktansi yake ni nanohenri 12 kwa mzunguko mmoja kwa mraba. Mizunguko 2 inatoa nanohenri 48, ambayo kwenye MHz 7 ni omu 2 tu. Ni sawa na kufunga kebo kwa kipande cha waya. Pete za aina ya 43 kwa kawaida ni za kijivu au nyeusi, bila rangi ya kujulisha. Njia ya uhakika ni kuzungusha mizunguko 2 na kupima: FT240-43 inapaswa kutoa karibu mikrohenri 4 kwenye masafa ya chini, na asilimia 20 juu au chini ni kawaida ya kiwanda.

Kuizungusha upya

Pete mbili zinabanwa kwa utepe wa teflon au wa kioo usioyeyuka. Waya ni wa shaba wenye vanishi, ule wanaosukia mota, kipenyo cha milimita 1. Mzunguko mmoja juu ya pete mbili unakula sentimita 9 hivi ukihesabu na ulegevu, kwa hiyo kata mita 1.5 kwa upande wa 14 na sentimita 30 kwa upande wa 2. Nyaya hizo mbili zisokotwe pamoja kwa mizunguko 2 ya kwanza, kisha waya mrefu uendelee peke yake hadi 7, uvuke katikati ya tundu kwenda upande wa pili wa pete, na umalizie 7 iliyobaki. Kuvuka huko kunaweka mwanzo na mwisho mbali, jambo linalosaidia kisanduku kukaa vizuri na kupunguza kapasitansi kati ya ncha zenye volti nyingi na ardhi. Mianzo ya nyaya zote mbili inaungana kwenye skrubu ya ardhi. Mwisho wa waya mfupi unakwenda kwenye pini ya katikati ya soketi, mwisho wa waya mrefu kwenye skrubu ya antena.

Mizunguko huhesabiwa kwa idadi ya mara waya unapopita ndani ya tundu. Wanaohesabu kwa nje hujikuta na 1 kwa 13 au 3 kwa 15, na hapo uwiano si 49 tena. Katika 3 kwa 15, kwa mfano, uwiano ni 25, na antena nzuri kabisa itaonyesha SWR ya 2.

Kapasita ya pikofaradi 100 hupendekezwa iwe ya kilovolti 3, na wajenzi hununua ya kauri ya bei nafuu yenye volti hizo. Volti si suala. Mahali inapokaa pana volti 71 tu kwa wati 100 kwenye omu 50. Suala ni mkondo: kwenye MHz 28 kapasita hiyo ina omu 57, na ampea 1.24 zinapita ndani yake. Kauri yenye upotevu itapata joto na thamani yake itatembea, na SWR ya masafa ya juu itatembea nayo. Weka ya C0G (kauri ya upotevu mdogo) au ya mika, na kama huna moja yenye uwezo, weka mbili za pikofaradi 47 sambamba zigawane mkondo. Kwa MHz 7 mkondo ni ampea 0.3 tu, kwa hiyo kituo kinachobaki kwenye masafa hayo hakitaona tofauti.

Baada ya kuunganisha yote, rudia kipimo cha rezista ya omu 2,400. Transfoma mpya ilitoa desibeli 17.3 chini kwenye MHz 7, upotevu wa 0.4. Kutuma FT8 kwa nusu saa hakukuihamisha SWR. Ugonjwa wa muda umekwisha. USB bado inakatika, na maikrofoni bado inachoma.

Mkondo unaotafuta njia ya kurudi

Hii ndiyo sehemu ambayo maelezo mengi ya antena hii huiruka, na huiruka kwa kauli kwamba antena inayolishwa nchani haihitaji upande wa pili. Inahitaji. Wati 100 kwenye omu 2,450 ni ampea 0.2 zinazoingia kwenye waya. Katikati ya waya mkondo unafika ampea 1.2, na ndipo mnururisho unapotoka, lakini zile 0.2 za nchani lazima zitoke mahali fulani. Kama skrubu ya ardhi haina kitu, zinatoka nje ya ngao ya kebo. Kebo ya mita 11 kwenye MHz 7.074 iko karibu sana na robo wimbi, ambayo ni mita 10.6, na ganda la plastiki huifupisha kidogo. Robo wimbi yenye mkondo mwingi upande mmoja ina volti nyingi upande mwingine, na upande mwingine hapa ni redio, maikrofoni na kompyuta. Kebo ya mita 16 ingehamisha dalili tu: volti zingepungua chumbani na mkondo ungeongezeka. Watu hubadili urefu wa kebo, wanaona nafuu, na kudhani wameponya.

Kuuona mkondo huu kunahitaji kifaa kidogo kinachojengwa kwa saa moja. Chukua feraiti ya kubana kwenye kebo, aina ya 31 au 43, zungusha mizunguko 10 ya waya mwembamba, weka rezista ya omu 50 sambamba nayo, kisha dayodi ya jerimani au ya Schottky, kapasita ya nanofaradi 10, na multimita kwenye volti za DC. Ampea 1 kwenye kebo inatoa ampea 0.1 kwenye mizunguko 10, yaani volti 5, kilele 7. Ampea 0.2 zitatoa kilele cha 1.4, na ukiondoa volti zinazobaki kwenye dayodi utasoma kidogo juu ya volti 1. Tembea na kifaa hiki kando ya kebo, mtu mwingine akituma wati 20. Kwa nguvu hiyo mikondo yote ni chini ya nusu ya ile ya wati 100, na ni salama zaidi. Katika kituo hiki mkondo ulikuwa mkubwa karibu na kisanduku, ukapungua kuelekea chumbani, halafu ukaonekana tena kwenye waya wa USB. Njia yote ilikuwa wazi.

Jibu ambalo kila mtu hutoa ni choki, yaani kebo iliyozungushwa kwenye feraiti ili kuzuia mkondo wa nje ya ngao. Lakini choki peke yake kwenye kisanduku ni kosa. Tuseme ina omu 3,000. Kama zile ampea 0.2 zingelazimishwa kupita ndani yake, ingekula wati 120, zaidi ya redio nzima. Haiwezekani, kwa hiyo mkondo utagawanyika upya, antena itahama resonansi, na choki itaungua kidogo kidogo huku SWR ikipanda na muda, dalili ileile tuliyotoka kuiponya. Lazima mkondo upewe njia nyingine kwanza.

Njia hiyo ni waya wa kurudishia, uliofungwa kwenye skrubu ya ardhi. Urefu unaotajwa sana ni asilimia 5 ya wimbi, mita 2 kwa MHz 7. Kwa wati 5 utaponea nao. Kwa wati 100 ni mfupi mno: kapasitansi yake ni pikofaradi kumi na kitu, karibu omu 2,000 kwenye MHz 7, na ampea 0.2 zikipita hapo skrubu ya ardhi inasimama kwenye volti 300 na zaidi. Choki iliyofungwa kwenye skrubu yenye volti hizo itapata kazi kubwa. Waya wa robo wimbi una omu chache, tuseme 50, na skrubu inabaki na volti 10. Choki ya omu 3,000 kwenye volti 10 haifikishi hata wati 0.1 za joto. Tofauti kati ya mita 2 na mita 10 za waya ndiyo inayoamua kama choki itafanya kazi au itateseka.

Urefu wa robo wimbi ni 71.5 gawanya kwa MHz: mita 10.07 kwa 7.1. Uvutwe kwa urefu wa mita 1 hadi 2 juu ya ardhi, uwe na ganda, na uelekee popote isipokuwa kurudi sambamba na kebo. Mwisho wake una volti, kwa hiyo uwe mahali ambapo mtoto au mnyama hafiki. Waya wa mita 10 ni robo tatu ya wimbi kwenye MHz 21 na hapo pia unafanya kazi. Kwenye MHz 14 ni nusu wimbi, omu zake zinaruka juu na faida inapotea, basi ongeza wa pili wa mita 5.04 kwenye skrubu hiyohiyo. Kwenye MHz 28 zote mbili hazifai, na unahitaji wa tatu wa mita 2.5. Nyaya tatu kwenye skrubu moja, zikiachana kidogo, hazigombani.

Choki ni mizunguko 12 ya kebo kwenye pete ya FT240-31, imefungwa mara tu baada ya kisanduku. Aina ya 31 inafaa kwa MHz 3 hadi 10 kuliko 43. RG-58 inaweza kuzungushwa, ila kona ni kali kuliko inavyopenda, na ikipata joto waya wa katikati huweza kuzama kwenye plastiki na kugusa ngao baada ya miezi. RG-400 au RG-316 zenye teflon hazina tatizo hilo. Mizunguko isizidi 12 kama unatumia pia MHz 21 na 28, kwa kuwa kapasitansi kati ya mizunguko huanza kuipita feraiti kando.

Baada ya waya wa kurudishia na choki, kifaa cha kupimia kilichobanwa kebo upande wa redio hakikusoma kitu kwa wati 20. USB ilitulia, na kushika kebo hakukuisogeza SWR.

Kelele ilikuwa imebaki S5. Sababu yake ni njia ileile kwa mwelekeo wa kinyume: chaja za kisasa hukata umeme kwa kasi kubwa, kelele yake hutembea kwenye nyaya za nyumba, huingia kwenye redio, hupanda nje ya ngao hadi kisanduku, na huko ngao ni sehemu ya antena. Choki ya kisandukuni imeziba mwisho mmoja. Ya pili kama hiyo, mahali kebo inapoingia nyumbani, iliziba mwingine, na feraiti ya kubana yenye mizunguko 5 ya waya wa chaja ilimaliza kazi. S3 wakati wa mchana. Pointi moja ya S ni desibeli 6, kwa hiyo kutoka S7 ni desibeli 24, faida ambayo hakuna amplifaya inayoweza kuinunua upande wa kupokea.

Urefu wa waya, mwishoni

Ni sasa tu ambapo kupima urefu kuna maana. Transfoma mpya na waya wa kurudishia vyote vimehamisha resonansi, na mkato wa sentimita 40 ulikuwa bado unadai. Kanuni ya 143 gawanya kwa MHz inatoa mita 20.14 kwa 7.1. Ganda la plastiki hufupisha urefu unaohitajika, na ardhi iliyo karibu huuhamisha tena, kwa hiyo hakuna namba ya kunakili. Kiunganishwe kipande cha mita 0.6 kwa risasi, kifunikwe kwa bomba la plastiki linalosinyaa kwa joto, kisha ziada ikunjwe kurudi juu ya waya na kufungwa kwa utepe badala ya kukatwa. Kukunja sentimita 10 kunapandisha resonansi kwa karibu kHz 35 kwenye MHz 7 na kHz 70 kwenye MHz 14. Kituo kilifika 7.08 mkunjo ukiwa sentimita 25, SWR 1.2, na kwenye 14.1 ikawa 1.5.

Subiri mvua kabla ya kukata mkunjo. Ganda lililolowa hushusha resonansi, na urefu uliopimwa siku kavu pekee mara nyingi huishia kuwa pembeni ya masafa siku ya mvua. Kisanduku nacho kitobolewe tundu la milimita 3 upande wa chini maji ya jasho yatoke, na soketi ielekezwe chini. Mizunguko 14 na 2 inashiriki mwanzo mmoja, kwa hiyo waya mzima umeunganishwa na ngao kwa DC na chaji ya upepo mkavu haikusanyiki juu yake. Hilo halizuii radi. Dhoruba ikionekana, kebo ichomolewe kwenye redio na kuachwa nje ya dirisha.